Nani Afundwe: Mtoto au Mahakama?

Mtoto akishtakiwa kwa kosa hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka afisa ustawi wa jamii awepo katika mahakama ya watoto. Mtoto huyohuyo akitendewa kosa na mtu mzima, shauri huenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na huko mara nyingi hupanda kizimbani peke yake. Mama yake hayupo kando. Mama ndiye aliyeambiwa kwanza, basi naye ni shahidi. Na shahidi ambaye zamu yake haijafika hukaa nje, asije akasikia ya mwenzake. Kanuni hiyo ni ya haki. Lakini mtu ambaye mtoto anamwamini kuliko wote ndiye anayefungiwa mlango.

Mada ninayoiweka mezani ni hii: je, shahidi mnyonge, awe mtoto, kiziwi, mwenye ulemavu wa akili au mtu ambaye bado anatetemeka kwa yaliyompata, apewe msaidizi aliyefunzwa, wa kumwandaa kabla ya shauri na kukaa naye siku yenyewe? Au tukifanya hivyo tutakuwa tunawafundisha watu ushahidi? Wasemaji wanne nimewatunga mimi, ili kila upande upate wa kuusemea. Sheria na maamuzi wanayoyataja hayakutungwa.

AFISA USTAWI: Mtoto wa darasa la pili anaitwa mahakamani. Hajawahi kuingia katika jengo lile. Hajui kwa nini mmoja amekaa juu na wengine wanamwinamia. Anadhani polisi aliyesimama mlangoni amemjia yeye. Hajui kama akisema "sikumbuki" atachapwa. Hajui aliyemdhuru atakuwa hatua ngapi kutoka kwake. Kazi ninayoiombea ni ndogo: nimpeleke siku moja kabla, chumba kikiwa kitupu, akae kwenye kiti atakachokalia, nimweleze nani atamuuliza na kwa nini, nimwambie kwamba "sijui" ni jibu, "sikuelewa swali" ni jibu, na kuomba kwenda msalani si kosa. Siku ya shauri nikae mahali anaponiona. Ya kesi yenyewe siyagusi.

WAKILI WA UTETEZI: Dada yangu, ukimgusa shahidi umeigusa kesi. Mteja wangu akitiwa hatiani kwa kubaka, kifungo hakipungui miaka 30. Mtoto akiwa na umri chini ya miaka 10, ni maisha. Na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli. Sipingi. Makosa haya hutendwa mafichoni, na kumdai mtoto shahidi wa pili ni kumnyima haki kwa njia ya adabu. Lakini neno moja likibeba maisha yote ya mtu, nataka nijue ni la mtoto mwenyewe. Wewe umekaa naye faragha saa nzima. Nitajuaje mlichozungumza?

AFISA USTAWI: Na asipoandaliwa? Chukua Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Januari 2009, kesi yake ya kwanza, dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, Kongo. Shahidi wa kwanza alikuwa kijana aliyesemekana kuchukuliwa na wapiganaji akiwa mtoto. Alianza kueleza, kisha siku ileile akayakana aliyoyasema. Mshtakiwa alikuwa mbele ya macho yake. Yapata wiki mbili baadaye akarudishwa. Safari hii asingeweza kumwona mshtakiwa, naye akaachwa asimulie kwa mwendo wake mwenyewe. Akasimulia.

WAKILI WA UTETEZI: Malizia kisa, dada. Hukumu ilitoka Machi 2012, na majaji wakaukataa ushahidi wa kijana huyohuyo. Waliona upo uwezekano wa kweli kwamba mtu wa kati, mmoja wa wale waliotumiwa na ofisi ya mwendesha mashtaka kutafuta mashahidi, ndiye aliyemtia moyo wa kusema uongo. Hakuwa peke yake. Mashahidi wengine vijana nao waliwekwa kando. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine. Pazia lilimpa kijana ujasiri, lakini haliwezi kusafisha kinachokuwa kimeshawekwa mdomoni. Hicho ndicho ninachokiogopa: mtu mwema, mwenye huruma, anayekaa kati ya shahidi na mahakama.

HAKIMU MSTAAFU: Hofu yako ni halali, wakili msomi, ila mstari unaoutafuta umeshachorwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataza kumfanyisha shahidi wa jinai mazoezi ya ushahidi wake, ikaruhusu kumzoeza mahakama: chumba, watu waliomo, utaratibu. Novemba 2007 majaji wa kesi hiyohiyo ya Lubanga walifuata njia hiyo. Kumzoeza shahidi mahakama ni jambo moja. Kumzoeza ushahidi ni jingine. Anachokiomba binti huyu ni la kwanza.

WAKILI WA UTETEZI: Kwenye karatasi, Mheshimiwa, mstari unaonekana. Chumbani, kati ya mtu mzima na mtoto anayelia, hauonekani.

HAKIMU MSTAAFU: Basi tuache kwanza kumtazama mtoto, tujitazame sisi. Kabla ya 2016 hakimu alipaswa kumpima kila mtoto wa miaka 14 kushuka chini: anajua kiapo? ana akili za kutosha? anaelewa wajibu wa kusema kweli? Kipimo kikikosewa, ushahidi uliweza kupoteza nguvu yake. Sheria ikarahisishwa mwaka huo: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ilimradi kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Sentensi moja tu. Na bado kesi ziliendelea kuanguka. Katika Rufaa ya Jinai Namba 168 ya 2018, iliyosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani ilibidi ituonyeshe maswali mepesi ya kumfikisha mtoto kwenye ahadi hiyo: una umri gani? dini yako ni ipi, na unaelewa maana ya kiapo? unaahidi kusema kweli na kutosema uongo? Kwa kuwa mahakama ya chini haikupita njia hiyo, ushahidi wa mtoto uliwekwa kando na hukumu ikafutwa. Mtoto alikuwa amefanya sehemu yake: alipanda, akasema. Aliyekosea alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nami, miaka mingi, niliandika kwa mkato: "Mtoto ameahidi kusema kweli." Sikuandika nilimuuliza nini, wala alinijibu vipi.

WAKILI WA UTETEZI: Na mimi nikashinda rufaa kwa sentensi kama hiyo. Sikuona fahari. Mshtakiwa aliyetoka kwa kosa la hakimu hatoki akiwa amesafishwa. Mtaa unaendelea kumnyooshea kidole.

Hapo pande mbili zilikutana bila kukusudia. Utaratibu mbovu haumwokoi asiye na hatia wala haumfariji aliyeumizwa. Nikaomba tushuke chini zaidi, kwenye maneno yenyewe, maana kesi hizi hufia huko.

HAKIMU MSTAAFU: Miaka yangu mingi kazini nilisikiliza kwa Kiswahili nikaandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nikadhani tumepona. Hatukupona. Wakili anauliza: "Hukumwona usoni, sivyo?" Mtoto anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili sanifu ndiyo hiyo inakubali kwamba hakumwona. Lakini mtoto aliyechoka husema ndiyo akimaanisha "nilimwona". Tena kwetu ushahidi kwa kawaida huandikwa kama masimulizi, swali halionekani. Linabaki jibu peke yake, na jaji wa rufaa, miaka baadaye, hana wa kumuuliza.

AFISA USTAWI: Na "jana". Kwa mtoto wa miaka 5, jana ni kila siku iliyokwisha kupita. "Babu" ni kila mwenye mvi mtaani. "Mjomba" ni mwenye duka. Mtu akiandika kwamba mtoto alimtaja babu yake, kesho yake wakili anasema: babu mzaa mama alikwisha kufa, babu mzaa baba yuko Tabora, mtoto mwongo. Ukimuuliza "ilikuwa saa ngapi?" atataja saa yoyote ili akuridhishe. Ukimuuliza "ulikuwa hujaenda madrasa au umesharudi?" atakujibu. Kuna pia maneno ya haya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikiri kwamba mahakama za kule zimeyakubali maneno ya tafsida ya watoto, kama "alinifanyia tabia mbaya", kuwa maelezo ya kosa lenyewe. Mtoto hana neno jingine. Lile la wazi tulimkataza sisi wenyewe.

HAKIMU MSTAAFU: Na macho yake.

AFISA USTAWI: Na macho yake, Mheshimiwa. Tumemlea asibishane na mkubwa, asimkazie macho, aitikie. Anapanda kizimbani na adabu ile aliyofunzwa nyumbani: kichwa chini, sauti ndogo, ndiyo kwa kila mkubwa. Kisha adabu hiyo inasomwa kama dalili ya uongo.

WAKILI WA UTETEZI: Nakubali yote hayo ni kweli. Lakini swali la kumwongoza shahidi ni haki yangu wakati wa kudodosa. Ndiyo silaha pekee aliyonayo mtu aliyesingiziwa. Mkininyang'anya, mnaniachia nini?

HAKIMU MSTAAFU: Unabaki na hoja yako yote. Uingereza, chini ya sheria yao ya 1999, shahidi mnyonge anaweza kupewa mtaalamu wa mawasiliano aliyesajiliwa. Kabla ya ushahidi, jaji hukaa na mawakili wa pande zote mbili pamoja na mtaalamu huyo, wakakubaliana namna ya kuuliza: swali fupi, jambo moja kwa wakati, bila "sivyo?" mwishoni, na mapumziko yapangwe. Utetezi unaweka madai yake yote. Kinachoondolewa ni mtego wa lugha. Mwaka 2010 mahakama yao ya rufani ilidumisha hukumu iliyosimama juu ya ushahidi wa mtoto wa miaka 4, ikasema wazi kwamba umri mdogo peke yake si sababu ya kumwona shahidi haaminiki.

Msidhani pia kwamba cheo kikubwa kinafunza mtu kusikiliza. Mwishoni mwa Oktoba 2001, hapahapa Arusha, katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mama mmoja aliyebakwa alikuwa akidodoswa na wakili wa utetezi. Majaji wakacheka. Baadaye ikaelezwa kwamba walichekea maswali ya wakili, hawakumcheka mama. Lakini yeye alikuwa kizimbani, ametoka nchi nyingine kuja kusema jambo lisilosemeka, akasikia kicheko kinatoka juu. Hakuna aliyehitaji kumfunza mama yule kitu. Waliohitaji kufunzwa walikuwa wamevaa majoho.

Muda wote huo bibi mmoja alikuwa amekaa, mikono mapajani. Nilimweka katika mjadala huu kwa sababu mwongozo wowote wa kitaalamu, ukikamilika, utafika au hautafika kwa mtu kama yeye.

BIBI: Naomba na mimi niseme, maana nyote mnamsema mjukuu wangu. Sisi tuliletewa karatasi: tarehe, saa tatu asubuhi. Hakuna aliyetueleza kitu. Tukaenda, shauri likaahirishwa. Tukaenda tena, likaahirishwa. Nauli nimekopa. Mara ya tatu, usiku ule, niliogopa mtoto atasahau. Nikamkalisha mkekani. Nikamwambia: ukiulizwa siku gani, sema Jumanne. Ukiulizwa alivaa nini, sema shati la bluu. Haya, rudia. Akarudia. Nikamrudisha mwanzo, mpaka akasinzia amekaa. Sikumfundisha uongo, wanangu. Niliyokuwa namwambia ndiyo yaleyale aliyoniambia yeye. Kulipokucha, wakili akamuuliza kwa sauti nzuri kabisa: "Nani kakufundisha hayo?" Akajibu: "Bibi." Ikawa imekwisha.

WAKILI WA UTETEZI: Mama, nisikufiche. Swali hilo hata mimi ningeliuliza.

BIBI: Najua, baba. Sikulaumu, ni kazi yako. Mimi nauliza hivi: ile miezi yote, aliyetakiwa kuniambia nisifanye vile alikuwa nani?

Swali la bibi liligeuza mjadala. Mpaka hapo tulikuwa tunabishana kana kwamba mtoto ama ataandaliwa na mtaalamu, ama atafika mahakamani kama alivyoumbwa, bila mkono wa mtu. Hali hiyo ya pili haipo. Mtoto siku zote huandaliwa. Huandaliwa na bibi mkekani, na shangazi kwenye daladala, na jirani anayemtisha asiseme, na ndugu wa mshtakiwa aliyekuja na mchele na maneno laini. Kabla ya kumfikia hakimu, kisa chake kimepita kwa mwalimu, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa polisi, kwa daktari anayejaza fomu ya polisi ya PF3, kwa wakili wa Serikali. Na kila mmoja ameuliza kwa namna yake. Pasipokuwa na mwongozo, kukaririsha ndiko kunakojaza nafasi.

AFISA USTAWI: Ndiyo maana nasema mafunzo yasiishie kwa afisa. Siku mlezi anapopewa wito, aambiwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa: usimrudishie mtoto kisa, usimsahihishe, usimwahidi kwamba mtu fulani atafungwa, akitaka kusema, msikilize, usimhoji, akiuliza kuhusu mahakama, tupigie simu. Dakika 10 zinatosha kumwambia mlezi hayo.

BIBI: Kwetu mwari hupelekwa kwa somo, mama wa kumfunda. Tulikuwa na masomo wa aina mbili. Kuna aliyekuwa akimwambia mwari kila neno la kusema. Mwari anatoka mle ndani kama kasuku. Na kuna aliyemwambia tu: kesho yatakuja haya na haya, usishtuke, mimi nitakuwa mlangoni. Huyo wa pili ndiye tuliyemtaka kwa binti zetu. Mjukuu wangu alimkosa.

WAKILI WA UTETEZI: Mama ameniweka pagumu, nami sitajificha nyuma ya taratibu. Huyo wa pili namkubali, kwa masharti. Kwanza, asiwe shahidi, wala asitoke ofisi ya upelelezi au ya mashtaka, wala asiujue undani wa ushahidi. Asichokijua hawezi kukifundisha. Pili, kila kikao chake na shahidi kiandikwe: lini, wapi, walizungumza nini, nikitaka kuona, nione. Tatu, ale kiapo mbele ya mahakama kama mkalimani anavyoapa, akivuka mpaka awajibike. Na la nne, ambalo huwa mnalisahau: mshtakiwa naye anaweza kuwa mnyonge. Nimesimama na kijana kiziwi aliyetafsiriwa na kaka yake kwa ishara za nyumbani, na kila mtu chumbani akaona imetosha.

HAKIMU MSTAAFU: Hilo la nne Kenya wameliandika kwenye katiba. Ibara ya 50(7) ya Katiba yao ya 2010 inairuhusu mahakama kumkubali mtu wa kati wa kumsaidia mlalamikaji au mshtakiwa kuwasiliana nayo. Wote wawili. Na Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya 2006 inayomruhusu mtu wa kati kumsemea shahidi mnyonge ndiyo hiyohiyo inayokataza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtu huyo pekee usioungwa mkono. Msaada na kinga vimekaa katika sheria moja.

AFISA USTAWI: Nayakubali masharti yote manne. Nami naongeza la tano: wakili, hakimu, karani na polisi wa mlangoni nao wakae darasani. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2005 kuhusu watoto walioathirika na uhalifu na walioushuhudia unataka wote wanaoshughulika nao wafunzwe. Mimi nikimwambia mtoto kwamba "sikuelewa swali" ni jibu, halafu akalisema na kufokewa, nimemdanganya.

Niseme ninapoegemea. Nilianza nikidhani swali ni kama mtoto afundwe au asifundwe. Bibi ameniondoa huko. Wakili ana haki ya kulinda mpaka kati ya kumtia shahidi moyo na kumtia maneno, na masharti yake yawe sheria, si hisani ya hakimu mmoja mwenye huruma. Lakini mzigo mkubwa wa mafunzo hauko kwa mtoto wala kwa msaidizi wake. Mtoto hawezi kujifunza lugha ya mahakama kwa usiku mmoja. Mahakama ina miaka mizima ya kujifunza lugha ya mtoto, tena si lugha ya kigeni. Ni Kiswahili kilekile ambacho hakimu, wakili na karani walikisema walipokuwa na umri wake, walipomwita kila mzee babu na kila siku iliyopita jana.

Baadhi ya hayo yanahitaji sheria na fedha. Mengi hayahitaji. Chumba kitupu kufunguliwa siku moja kabla hakuhitaji bajeti. Kesi ya mtoto kutangulia kwenye orodha ya siku, asikae mpaka adhuhuri kwenye benchi moja na ndugu wa mshtakiwa, kunahitaji kalamu tu. Na siku mtoto atakapojibu "ndiyo", aliyeshika kalamu aandike na swali lililoulizwa, ili atakayesoma baadaye ajue mtoto amekubali nini.